Mpiga besi anayeruka noti

Jirani yetu mmoja, mzee aliyepiga gitaa la besi kwenye bendi za dansi hapa Dar miaka ya 1980, alipita kwangu Jumamosi moja jioni kuchukua ngazi yake. Nikamwambia aingie kwanza, kuna kitu nataka akisikie. Sabufa ilikuwa na wiki mbili sebuleni na mimi bado nilikuwa natafuta watu wa kunisifia.

Nikampa kiti cha mbao katikati ya chumba, mimi nikakaa kwenye kochi, nikaweka rumba ya zamani. Akausikiliza wimbo wote bila kutikisa hata kidole. Ulipoisha akaweka kikombe cha chai chini.

"Mwanangu, huyu mpiga besi wako anaruka noti."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akachukua ngazi yake akaenda.

Nililala na sentensi ile. Asubuhi nikaamka nayo. Wiki nzima nikiwa kwenye daladala nasikia "anaruka noti, anaruka noti", kama konda anaita kituo.

Kelele za usiku wa kwanza

Nieleze kidogo nina kitu gani, maana kwetu ukisema sabufa watu wanaelewa seti nzima: sanduku na vispika vyake viwili au vitano, rimoti na taa za bluu. Mimi nazungumzia sanduku peke yake. Lina koni ya inchi 10 na amplifaya yake ndani, nimelinunua mtumba, halafu nikataka liingie kwenye mfumo wa stirio niliokuwa nao tayari: amplifaya ya zamani ya chaneli mbili na spika mbili za kuweka juu ya stendi, koni za inchi 5 na nusu, tundu la hewa nyuma. Spika hizo zinafika hezi 60 kwa heshima zote (hezi ni mitetemo ya sauti kwa sekunde; zikipungua, noti inakuwa nzito). Chini ya hapo zinaanza kuaga.

Amplifaya za zama zile hazina tundu la sabufa. Muuzaji akaniambia nisihangaike, akanichomekea waya kwenye yale matundu ya nyuma ya kurekodia kaseti. Dukani ikapiga, nyumbani ikapiga, roho ikatulia.

Ilipofika saa nne usiku nikapunguza sauti ili watoto walale. Spika zikanyamaza taratibu kama zilivyoamriwa. Sabufa ikaendelea kunguruma vilevile, peke yake gizani, kama lori limeegeshwa nje na dereva kasahau kuzima injini. Nikazungusha nobu hadi mwisho. Lori liko palepale.

Kumbe matundu ya kurekodia yanatoa sauti kabla haijapita kwenye nobu. Na ni haki yake: mtu anayerekodi kaseti hataki rekodi yake ipande na kushuka kila anapogusa sauti. Lakini sabufa iliyofungwa hapo haijui kabisa kama umepunguza au umeongeza.

Njia iliyobaki ilinitia hofu. Sabufa nyingi zina sehemu ya kuingizia waya za spika zenyewe. Unatoa waya pale pale zinapotoka za spika zako, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, na unapeleka nyingine kwenye sanduku. Fundi redio wa mtaani kwetu alinikataza. "Ukiongeza mzigo hapo unaichoma amplifaya." Nilimwamini, kwa sababu ukiongeza spika ya tatu kweli unaweza kuichoma. Siku tatu nikawa naangalia waya na waya zinaniangalia.

Kilichonifungua macho ni namba moja. Spika ya kawaida ina omu 8 au 4, omu zikiwa kipimo cha jinsi kitu kinavyouzuia umeme. Mlango ule wa sabufa una maelfu ya omu, kwa hiyo umeme unaopita hapo ni wa kuchungulia tu. Amplifaya haihisi mzigo wowote, sanduku linasikiliza halafu linatumia nguvu yake lenyewe. Faida ya pili ni kwamba sabufa inapokea sauti ileile inayokwenda kwenye spika, ikiwa na tabia zote za amplifaya yako, na nobu inaitawala.

Ila tahadhari moja, na hii usiiruke. Amplifaya kadhaa za kisasa zina umeme kwenye waya hasi pia, si chanya tu. Ukiunga hasi za kushoto na kulia pamoja, au ukazipeleka kwenye gamba la sabufa, hapo fundi wangu atakuwa amesema kweli. Soma kitabu chake kwanza.

E ya wazi

Jumapili iliyofuata nikaenda kwa mzee. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamuuliza: noti gani inarukwa?

"E ya chini. Ile ya wazi, usiyoshika kitu. Jamaa akifika pale, hayupo."

Hapo nikajua mzee amekosea, maana E ya chini ndiyo ilikuwa inanikera mimi kwa kuzidi. Kwenye kochi langu noti hiyo ilikuwa inafurika. Glasi za mama watoto kabatini zilikuwa zinalia kwenye noti za jirani na hiyo. Nikamwambia hivyo kwa adabu. Akaniambia kwa adabu kwamba amepiga noti hiyo miaka kumi na moja na anaijua ikiwepo na isipokuwepo.

Tukarudi kwangu wote wawili. Wimbo uleule. Yeye kiti cha mbao, mimi kochi.

"Haipo," akasema.

"Imejaa," nikasema.

Mtoto wangu wa pili, aliyekuwa sakafuni anachora, akasema: "Si mbadilishane viti?"

Tukabadilishana. Nikakaa kwenye kiti cha mbao katikati ya chumba, na E ikafutika kana kwamba mtu amemkata mpiga gitaa mkono. Nikamgeukia mzee kule kwenye kochi, nikamwona amekunja uso kwa kero, kiganja juu ya kifua.

Wiki tatu nilikuwa namlaumu fundi, waya, sanduku, na mwisho masikio ya mzee. Sikuwahi kukilaumu chumba.

Sebule yangu ina urefu wa mita 4.2. Kwenye joto la nyuzi 30 sauti inasafiri karibu mita 349 kwa sekunde. E ya chini ya gitaa la besi ni hezi 41, kwa hiyo wimbi lake moja lina urefu wa mita 8 na nusu hivi. Nusu yake ni mita 4.2 na ushee. Yaani nilijenga sebule ambayo E ya wazi inakaa humo kama mguu kwenye kiatu chake. Wimbi linagonga ukuta wa mbele, linarudi, linagonga wa nyuma, linarudi, na kila likipishana na lenyewe linajaa kwenye kuta mbili na kufa katikati. Kochi langu lilikuwa limeegemea ukuta wa nyuma. Kiti cha mzee kilikuwa katikati kabisa.

Sote tulikuwa tunasema kweli, kila mtu na kiti chake.

Tofali za inchi sita

Nilikuwa nimesoma ushauri mwingi mtandaoni, karibu wote umeandikwa na watu wa Marekani. Weka sabufa kwenye kona, wanasema, upate besi ya bure. Kwao inaweza kukubali. Nyumba nyingi za kule ukuta wa ndani ni mbao na bodi za jasi. Besi ikigonga, ukuta unacheza kidogo, sehemu ya nguvu inapotelea humo na nyingine inatoka nje.

Mimi ukuta wangu ni tofali za saruji zimepigwa plasta, chini vigae. Besi ikigonga pale hairuhusiwi kwenda popote. Inarudi yote na hasira zake. Zulia na mapazia hayasaidii huku chini, yananyonya sauti nyembamba tu. Wimbi la mita nane halijui kama kuna pazia. Kwa hiyo kona, ambayo huwa inaamsha kila mvumo wa chumba kwa pamoja, kwangu ilikuwa ndiyo mahali pabaya kuliko pote. Na ndipo nilipoiweka, kwa sababu palikuwa na soketi.

Kuna mbinu ya kutafuta mahali pa sabufa ambayo inachekesha lakini ina akili. Unaliweka sanduku kwenye kiti chako, wewe unatambaa sakafuni kandokando ya kuta kichwa kikiwa chini, unasikiliza. Pale utakaposikia besi imetulia, noti zote zinafanana, ndipo sanduku litakapokaa. Sauti haijali nani yuko wapi. Ukibadilisha msikilizaji na spika, njia kati yao ni ileile.

Basi nikaiweka sabufa kwenye kochi, juu ya vitambaa vya mama watoto, nikapiga magoti. Watoto walidhani tunacheza farasi. Mdogo akapanda mgongoni. Nilizunguka sebule mara mbili hivyo, na katikati ya ukuta mrefu, kando ya kabati la vyombo, besi ikaacha kuguna ikaanza kuongea. Ina mantiki ukifikiria: katikati ya urefu wa chumba ndipo wimbi lile la E linapokufa, kwa hiyo sanduku likikaa pale haliwezi kulisukuma.

Kochi nalo nikalivuta sentimita 60 kutoka ukutani. Hili lilijadiliwa kwa muda mrefu kuliko mambo yote ya kiufundi humu ndani. "Watu wapite wapi?" Wanapita. Wanapita upande upande, lakini wanapita.

Kinanda cha kwaya

Nikadhani nimemaliza. Mzee akaja, akasikiliza kwenye kochi, akatikisa kichwa. Sio kwa kukubali.

"E imerudi. Sasa D ndiyo nyembamba."

Simu yangu nilikuwa nimeiwekea programu ya kupima sauti, na programu ilisema hakuna tatizo. Baadaye nikagundua kuwa simu nyingi huwa zinakata sauti za chini kwenye maikrofoni ili mngurumo wa upepo usiharibu mazungumzo. Nilikuwa napima besi kwa chombo kilichotengenezwa kisiisikie. Wenye maikrofoni ya kupimia na kompyuta wana programu nzuri ya bure iitwayo Room EQ Wizard. Sisi tulikwenda kuazima kinanda cha kwaya, kwa masharti kirudi kabla ya mazoezi ya Jumatano.

Tukakichomeka kwenye amplifaya, tukachagua mlio wa besi. Mzee akakaa, akaanza na E ya chini, akapanda nusu noti moja moja. F. F kali. G. Kila noti anaishikilia, anafumba macho, halafu ananiambia na mimi naandika kwenye daftari la hisabati la mtoto: "sawa", "sawa", "inazidi kidogo", "sawa". Kwenye F glasi zikalia. Tukasimama, tukazitenganisha zisigusane, tukaendelea. A sawa. B sawa. C imepungua. D, akasimama.

"Hii hapa. Ipo, lakini haina tumbo."

Akaipiga tena na tena. Akahamia kwenye kiti cha mbao, akaniambia nipige mimi. Haina tumbo huku pia. Hapo ndipo tulipojua huyu ni mgonjwa mwingine. Tatizo la chumba linabadilika ukibadilisha kiti, hili halikubadilika.

D ile ni hezi 73. Ni jirani kabisa na pale ambapo spika zangu zinaanza kuchoka na sabufa inapokea. Wote wawili walikuwa wanaipiga. Lakini mmoja koni yake inasukuma hewa mbele wakati mwenzake anaivuta nyuma. Watu wawili wanabeba kabati moja, kila mtu anavuta upande wake, na kabati halitoki.

Nyuma ya sabufa kuna kiswichi kidogo: 0 na 180. Fezi, yaani kinageuza koni ya sabufa, ilipokuwa inavuta isukume. Nilikiona siku ya kwanza nikakiacha, nikidhani ni cha mafundi. Nikapiga magoti tena, mzee kwenye kochi, kidole cha mtoto kwenye D.

"Sasa?"

"Rudisha."

Nikarudisha.

"Peleka tena."

Nikapeleka kwenye 180.

"Acha hapo hapo usiguse."

Sikuhitaji aniambie. Niliisikia kupitia magoti, kwenye vigae.

Ni kitu cha aibu kidogo. Wiki nne, na dawa ilikuwa kiswichi cha ukubwa wa punje ya mchele. Hata hivyo sidhani kama ningekisikia mwanzoni, sanduku likiwa kwenye kona na kochi ukutani, kila kitu kinafurika. Tena fezi haina jibu la kudumu. Kila milisekunde moja sauti inakwenda sentimita 35, na kichujio kilichomo ndani ya sabufa nacho kinachelewesha kwa milisekunde kadhaa. Pale kando ya kabati sanduku liko karibu na kochi kuliko spika kwa kiasi cha mita moja, likapata kama milisekunde 3 za kufidia. Ukihamisha sanduku, anza upya.

Pale wanapokabidhiana

Nobu ya krosova, ile inayoamua sabufa ipande hadi hezi ngapi, nilikuwa nimeipeleka hadi 120, kwa imani ya Mtanzania yeyote kwamba ukilipia inchi 10 uzisikie zote. Matokeo yake mwimbaji akawa na vifua viwili: sauti yake inatoka mbele kati ya spika, na uzito wa kifua chake unatoka kabatini. Besi ya chini kabisa sikio halijui imetoka wapi. Kuanzia kama hezi 80 kupanda linaanza kujua, na likijua, mchezo umeisha.

Nikashusha hadi karibu na 60, halafu nikaja kwenye shaka ambayo bado ninayo. Mwaka 1976 mhandisi Siegfried Linkwitz wa Hewlett-Packard aliandika namna ya kugawa sauti, akishirikiana na mwenzake Russ Riley, ambapo kila upande unashuka desibeli 6 (desibeli hupima ukubwa wa sauti) pale wanapokutana, wakiwa wanasukuma pamoja, na jumla yao inakuwa sauti ileile, bila kilima wala shimo. Ni kazi safi. Lakini inataka pande zote mbili zichujwe. Mimi spika zangu hazichujwi. Zinapiga zote zinazoweza na kuchoka zenyewe. Kuna watu wanaoshikilia kwamba ni lazima uzikate chini, zipumue, amplifaya nayo ipumue. Wengine wanasema usiguse sauti ya spika unazozipenda, ongeza tu kilichopungua. Nimekaa kambi ya pili, nusu kwa imani na nusu kwa sababu kifaa cha kuchujia kinauzwa.

Nilichofanya ni kuziba matundu ya hewa ya spika kwa soksi. Safi, kabla hujauliza. Spika yenye tundu ikichoka inaanguka ghafla, desibeli 24 kwa kila oktava, yaani kila hezi zikipungua nusu. Ukiziba inaanza kupungua mapema zaidi lakini kwa mteremko wa pole, 12. Kukabidhiana kukawa rahisi. Mama watoto anatafuta soksi ya shule ya mtoto hadi leo na mimi sijasema kitu.

Mlio wa "mmmmm" uliokuwa unasikika muziki ukisimama, ule ni umeme wa hezi 50 unazunguka kati ya vifaa. Nilipochomeka amplifaya na sabufa kwenye ekstensheni moja ukaisha. Kuna watakaokushauri ukate ile pini ya tatu. Usikate, ile ndiyo inayokulinda.

Redio ya mbao

Kinachonisumbua zaidi kuliko soksi ni hiki. Mimi nilikua na redio ya babu, spika moja, boksi la mbao, betri kubwa za nyuma. Kwa redio ile nilijifunza nyimbo zote za dansi ninazozijua, na nilikuwa naimba besi zake. Redio ile isingeweza kutoa hezi 41 hata ungeichapa viboko. Nilisikia nini basi?

Jibu lipo, na linajulikana muda mrefu. Noti ya besi inakuja na ndugu zake: E ya 41 ina 82, ina 123, ina 165. Sikio likiwasikia ndugu, linamtengeneza baba. Ndiyo maana kwenye simu za mezani, ambazo zilikuwa zinakata kila kitu chini ya hezi 300, bado ulimtambua mjomba wako mwenye sauti nzito.

Nikamuuliza mzee kama basi hela yangu ilipotea, kama masikio yangejitengenezea bure. Akafikiri kidogo. Akasema wao jukwaani walisimama karibu na boksi za besi makusudi, suruali zikitikisika, kwa sababu besi usipoihisi unaanza kukimbia mbele ya mpiga dramu. Watu wa redioni walisikia noti. Ukumbini walijua ni lini inaanza na lini mkono umeikata.

Lile la kukata ndilo nilikuwa silijui. Nilipoanza kulisikiliza, nobu ya sauti ya sabufa ilishuka yenyewe, ukiisoma kama mshale wa saa, kutoka saa saba hadi saa tano, halafu saa nne.

Bado kuna kasoro. Ukikaa katikati kabisa ya kochi G inanyong'onyea, kwa sababu upana wa chumba ni mita 3.5 na noti hiyo inafia pale. Ukisogea mto mmoja kulia inarudi. Na usiku nikicheza sauti ya chini besi inapotea kuliko inavyostahili. Hilo si kosa la sabufa. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha tangu 1933 kwamba sikio lenyewe linapoteza sauti nzito haraka muziki ukipungua. Naongeza kidogo, asubuhi narudisha.

Jumanne usiku, kinanda kikiwa kwenye mfuko wake kinasubiri kurudishwa, mzee aliomba ile rumba ya siku ya kwanza. Akakaa mto mmoja kulia. Safari hii vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vinashika nyuzi juu ya goti, moja kwa moja na yule jamaa: chini, chini, wazi, panda. Ubeti wa pili vidole vikasimama.

"Rudisha nyuma kidogo."

Nikarudisha. Akainama mbele.

"Tena."

Akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, hadi mama watoto akachungulia kutoka jikoni.

"Wimbo huu nimeusikiliza zaidi ya miaka thelathini," akasema, anafuta macho. "Kumbe huyu bwana alikosea hapa."